Sumaku na majani chai: kwa nini chuma kimoja hunaswa na kingine huponyoka

Leo naomba tuiache bahari kidogo tupande milimani, hadi Kericho na Bomet, nchi ya majani chai. Sababu ni swali ninaloulizwa sana barazani tangu video za WhatsApp zianze kuzunguka. Mtu anamwaga majani chai kwenye sahani, anapitisha sumaku juu yake, na sumaku inatoka na ndevu nyeusi. "Tunanyweshwa vyuma!" anapiga kelele. Mwingine anajaribu nyumbani kwake, sumaku inatoka tupu, naye anatangaza kwamba chai yake ni safi kabisa.

Wote wawili wamekata hukumu mapema. Mimi nina stashahada ya uhandisi wa mitambo tu, si profesa, lakini jambo hili naweza kulieleza kwa lugha ya kwetu. Ukishalielewa utajua sumaku inakwambia nini kuhusu chai yako, na nini haikwambii. Fundisho lenyewe ni fupi: sumaku haivuti chuma kwa sababu tu ni chuma. Inavuta chuma kulingana na jinsi chembe zake zilivyopangika ndani, na mpangilio huo hutegemea chuma kile kilitengenezwa vipi na kimepitia misukosuko gani.

Chai hii ni yetu pia

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa pwani. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na uko hapa mpaka leo. Chai ya Kericho na Bomet, pamoja na ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine za jirani, hushuka na malori hadi kwenye magodauni yetu, ikaonjwa, ikauzwa na kupakiwa melini. Wako vijana wetu wengi wanaokula kwa kubeba, kuchanganya na kufunga chai hiyo. Na jioni, mahamri hayapiti bila chai ya rangi. Kwa hiyo sifa ya chai ikichafuka, anayeumia si mkulima wa Litein au Mogogosiek peke yake. Na sisi tumo.

Huko juu, mashamba makubwa ya makampuni yalianza miaka ya 1920. Baadaye wakulima wadogo nao wakaingia, na tangu mwaka 1964 wamekuwa chini ya KTDA, wakiwa na viwanda kama Litein, Kapkatet, Tegat, Kapkoros na Tirgaga. Mkulima anachuma majani mawili na kichipukizi, anayapeleka kituoni yapimwe, lori linayabeba hadi kiwandani. Malipo yake ya kila mwezi ni kidogo. Anachosubiri ni bonasi ya mwisho wa mwaka, nayo inategemea bei iliyopatikana mnadani. Shehena ikikataliwa kwa uchafu, hasara inamfuata yeye mpaka shambani.

Unga wa chuma hutoka wapi

Chai nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa mashine za CTC, mtindo uliobuniwa huko Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930 na William McKercher. Majani hunyaushwa kwanza, kisha hupitishwa katikati ya rola mbili zenye meno makali. Rola moja huzunguka kwa kasi ya takriban mara kumi ya mwenzake, na nafasi baina yao ni ndogo mno. Hapo jani husagwa, huraruliwa na kuviringishwa kwa mpigo mmoja. Halafu linapita kwenye jozi nyingine ya rola, na nyingine tena, ndipo lichachushwe, likaushwe na kuchekechwa kwa gredi.

Meno ya rola ni chuma, na chuma kikisagana kinalika. Kila baada ya muda rola hushushwa na kupelekwa karakana kunolewa upya. Kwa hiyo, katika kazi ya kawaida kabisa, bila hila ya mtu, unga kidogo wa chuma huingia kwenye chai, kama ule unaodondoka fundi anapopiga tupa. Rola zisipopangwa sawasawa zikawa zinagusana, unga huongezeka. Njia nyingine ni vitu vinavyokuja na majani kutoka shambani: waya, msumari, kipande cha bati.

Ndiyo maana viwanda huweka sumaku kwenye njia ya chai. Nyingine huwekwa kabla ya rola ili kunasa misumari isije ikavunja meno, nyingine baada ya kukausha na kuchekecha ili kunasa unga. Fundi mmoja aliyenionyesha mashine hizi katika ziara yangu ya huko aliniambia, "Bwana, hiyo sumaku ndiyo askari wa mwisho. Akilala, kila kitu kinapita." Ni kweli. Lakini askari huyu ana macho ya namna yake, na hapo ndipo somo letu linapoanza.

Majahazi na upepo

Kila atomu ya chuma ni kisumaku kidogo. Ifananishe na jahazi lililotia nanga bandarini: lina omo na tezi, na linaelekea upande fulani. Katika chuma cha kawaida, majahazi yaliyo karibu karibu huelekea upande mmoja kwa kuridhiana, lakini kila kundi lina upande wake. Kundi hili latazama kaskazini, lile latazama magharibi, na kwa jumla yanabatilishana, kwa hiyo msumari wako hauvuti kitu. Ukileta sumaku karibu, ni kama kaskazi imevuma kwa nguvu: majahazi yote hugeuka upande mmoja, na msumari hurukia sumaku.

Sasa rola za CTC kwa kawaida si chuma cha msumari. Ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu, na aina inayotumika sana ina takriban asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli. Kingi kilichobaki ni chuma kilekile, lakini kule kuchanganywa na nikeli kumezifanya atomu zijipange kwa namna nyingine, na katika mpangilio huo majahazi hayaafikiani. Kila moja linayumba kivyake. Upepo wa sumaku ukija, hayageuki pamoja. Ndiyo maana sinki nyingi za stenlesi hazishiki sumaku.

Lakini jaribu hivi nyumbani. Pitisha sumaku yenye nguvu kwenye sinki ya namna hiyo: katikati palipo bapa haishiki, ila kwenye pembe, pale mashine ilipokunja na kuvuta bati, mara nyingi utahisi mvuto mdogo. Chuma ni kilekile, kimetoka bati moja. Kilichobadilika ni kwamba pale pembeni kilikunjwa kikiwa baridi, na mkunjo huo ukazilazimisha baadhi ya atomu kurudi kwenye mpangilio unaokubali sumaku. (Ziko stenlesi zisizo na nikeli, nazo hushika sumaku kote. Usishangae kijiko chako kikinaswa.)

Unga wa rola ndivyo ulivyo. Chembe iliyong'olewa kwenye jino imekunjwa, imevutwa na kuraruliwa. Kwa hiyo, ijapokuwa rola yenyewe haivutwi na sumaku, unga wake huvutwa, ila kwa unyonge. Sumaku dhaifu itaukosa. Sumaku kali itaunasa mwingi wake. Yule ndugu ambaye sumaku yake ilitoka tupu labda alitumia ile ya kubandika karatasi kwenye friji.

Namna ya kutandaza hubadilisha sumaku

Kanuni hii, kwamba namna ya kutengeneza ndiyo inayoamua tabia ya sumaku, haijaonekana wazi mahali popote kama kwenye tando nyembamba za metali. Tunazijua bila kuzijua. Nani hapa hakuwa na kaseti za taarabu? Ule ukanda wa hudhurungi ni plastiki iliyopakwa chembe za oksidi ya chuma. Kiwandani, rangi hiyo ikiwa bado mbichi, ukanda ulipitishwa karibu na sumaku ili chembe zilale kufuata urefu wa ukanda, kisha ikakaushwa zikiwa hivyo hivyo. Chembe zilezile zikikauka bila kulazwa, sauti inayorekodiwa inakuwa hafifu zaidi. Kaseti nzuri na kaseti mbaya zingeweza kuwa na unga mmoja.

Wanasayansi wakaenda mbali zaidi. Mwaka 1960, Pol Duwez na wenzake huko California waliipoza metali iliyoyeyuka kwa ghafla mno, atomu zikakosa nafasi ya kujipanga kwa safu. Zikaganda ovyo, kama zilivyo kwenye kioo cha dirisha. Metali ya namna hii huitwa amofasi, yaani isiyo na fuwele. Siku hizi ukanda wa chuma cha amofasi hutumika ndani ya transfoma fulani za umeme, na kwa kuwa majahazi yake hugeuka kwa wepesi, umeme unaopotea bure kwenye kiini cha transfoma hupungua kwa kiasi cha asilimia 70.

Njia nyingine ya kuipata metali ya amofasi ni kuitandaza chembe kwa chembe. Kipande cha metali huwekwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kikaingizwa gesi kidogo ya argoni. Umeme huzifanya atomu za argoni ziigonge ile metali kama mvua ya mawe, zikazirusha atomu zake, nazo zikatua juu ya kibao kilicho mbele yake. Utando hujengeka polepole, mwembamba kiasi kwamba inabidi urundike maelfu ya tando ndipo upate unene wa unywele mmoja. Na hapa kila kitu kidogo kina athari yake.

Kibao kikiwa baridi, atomu inayotua hubaki pale pale ilipoangukia, na utando huwa amofasi. Kikiwa cha moto, atomu hutembeatembea, zikapata nafasi zao, na fuwele zikaanza kuota. Gesi ikizidi, atomu hugongana njiani na kufika zimechoka, utando ukawa na matundu matundu. Zikija kwa kishazari, hujenga vinguzo vilivyoinama, na sumaku ya utando hupendelea upande mmoja. Na ukiweka sumaku kando ya kibao wakati wa kutandaza, utando huukumbuka upande huo hata baada ya kuiondoa, kama ule ukanda wa kaseti.

Mwaka 1973, Chaudhari, Cuomo na Gambino wa kampuni ya IBM walionyesha jambo la ajabu: utando wa amofasi wa gadolini na kobalti, ukitandazwa kwa namna fulani, sumaku yake husimama wima badala ya kulala bapa kama ilivyo kawaida ya tando. Ukiubadilisha utandazaji, tabia hiyo hubadilika. Metali za jamii hiyo ndizo zilizokuja kutumika kwenye diski za kompyuta zilizokuwa zikiandikwa kwa leza na sumaku. Ajabu ni kuwa kitu kisicho na mpangilio wa fuwele bado kina upande kinaoupendelea. Upande huo umetokana na jinsi kilivyotandazwa.

Askari wa kisasa

Haya yote yanarudi kiwandani Bomet kwa mlango mwingine. Sumaku kali inayoweza kuunasa ule unga wa stenlesi ni ya neodimi, chuma na boroni. Ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa njia mbili karibu wakati mmoja. Huko Japani, Masato Sagawa aliisaga metali ikawa unga, akaukandamiza ndani ya uga wa sumaku na kuuchoma ushikane. Marekani, John Croat wa General Motors aliimwaga metali iliyoyeyuka juu ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, ikaganda papo hapo kuwa ukanda.

Na kasi ya gurudumu ndiyo iliyoamua. Likienda polepole, fuwele hukua kubwa na sumaku ikawa dhaifu. Likienda kasi kupita kiasi, ukanda hutoka amofasi, na sumaku ya kudumu haipatikani. Katikati, fuwele huwa ndogo mno, na hapo ndipo nguvu ilipo. Mchanganyiko ni mmoja, na matokeo ni matatu. Kwa hiyo kiwanda kikiambiwa "hii ni sumaku ya neodimi", jina pekee halitoshi. Iulizwe nguvu yake, ipimwe kwa kipimo.

Nikiwa mtu wa mitambo, ningeangalia mambo manne. La kwanza, nguvu: sumaku za kawaida za kauri huwa na gausi elfu chache, ilhali vyuma vya neodimi vinavyotumika kwenye vyakula hufikia 10,000 na zaidi kwenye uso wake. La pili, unene wa tabaka la chai: nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kwa umbali, kwa hiyo chai ipite nyembamba na karibu. Ikipita kwa fungu nene, unga wa juu hauguswi. La tatu, joto: sumaku za kawaida za neodimi huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi 80 hivi za selsiasi, na chai inayotoka kwenye mashine ya kukaushia ni moto. Sumaku ikae mahali chai imeshapoa, au inunuliwe ile inayostahimili joto. La nne, usafi: sumaku iliyojaa ndevu hainasi tena, na chai inayopita huzikwangua zile ndevu na kuzirudisha ndani. Isafishwe kwa ratiba, na kinachotolewa kipimwe na kuandikwa daftarini. Kikiongezeka ghafla, rola zina tatizo, na fundi atajua kabla mteja hajajua.

Sahani yako ya nyumbani

Tumrudie mwenye video. Si kila kinachoganda kwenye sumaku ni chuma. Chai kavu huwa na umeme tuli, na vijani vidogo hushika kitu chochote kilichosuguliwa. Ukitaka kujua, funga sumaku kali ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, ipitishe kwenye chai iliyotandazwa, kisha kisukutue kilichonaswa ndani ya maji huku sumaku ikiwa bado mfukoni. Jani litalowa na kuondoka. Chuma kitabaki kimeng'ang'ania. Ukiivuta sumaku nje ya mfuko, kitadondoka.

Ukikuta chembe chache, si ushahidi kwamba mtu amekuwekea sumu. India, wanywaji wakubwa wa chai ya CTC, wameweka kikomo cha miligramu 250 za unga wa chuma kwa kilo ya chai, kwa kuwa wanajua sifuri kamili haipatikani kwenye mashine za namna hii. Ukikuta kingi, au kipande unachokihisi kwa kidole, basi usinywe. Hifadhi pakiti yenye namba ya shehena na tarehe, uirudishe dukani au uipeleke kwa maafisa wa viwango. Namba ile ndiyo inayowezesha kufuatwa mpaka kwenye rola iliyoharibika. Video bila namba haimsaidii mtu, ila inamshushia bei mkulima ambaye hana kosa.

Na ukikuta hakuna kitu, sema tu kwamba sumaku yako haikunasa kitu. Shaba, alumini, mchanga na plastiki sumaku haivioni hata iwe kali vipi. Dini yetu imetufundisha tule kilicho halali na kilicho kizuri, na uzuri wa chakula unahitaji macho zaidi ya sumaku: kuchekecha, kuonja, kukagua, na fundi anayenoa rola zake kwa wakati.

Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.